Kaka huchukua mbolea ya ruzuku kwa jina lake, na anayelima ni mama

Mjomba,

Hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole na mume wangu, na kazi yangu ni kushona sare katika karakana moja ya Eneo la Viwanda. Kwetu ni Trans Nzoia, upande wa Cherang'any. Nakuandikia kwa sababu ya mbolea, ingawa naona jambo lenyewe limeanza kuipita mbolea.

Baba yetu alifariki na kutuachia shamba la ekari tano. Hati bado iko kwa jina lake na hakuna aliyewahi kwenda kortini. Mama hulima kama ekari tatu hivi, mahindi na maharagwe, na viazi vitamu kidogo kando ya mto. Kaka yangu, ambaye ndiye kifungua mimba, amejenga humo humo na hulima ekari moja na nusu. Inayobaki ni boma na malisho ya ng'ombe wawili. Mimi na dada yangu tumeolewa. Kitinda mimba wetu yuko chuoni Eldoret, na karo yake hutoka kwenye mahindi ya mama na kile kidogo ninachotuma.

Serikali ilipoanza kusajili wakulima ili wanunue mbolea ya bei nafuu, mama alikuwa hospitalini kwa ajili ya mguu. Kaka alikwenda kwa chifu akaandikisha shamba lote, ekari zote tano, kwa kitambulisho chake na nambari yake ya simu. Wakati ule hatukuona ubaya. Tulisema mwanamume wa boma ametufaa. Tangu hapo ujumbe wa vocha huingia kwake. Yeye ndiye aendaye ghalani, na kila msimu mimi humtumia pesa za mbolea ya mama.

Msimu uliopita nilituma pesa za magunia matatu ya kupandia. Mama alipata moja. Ya kukuzia hakuiona kabisa. Kaka alisema mbolea ilikwisha ghalani. Mahindi yalipofika magotini, majani yakaanza kuwa ya zambarau kwenye kingo, na mengine yakadumaa. Mama alivuna karibu nusu ya alichozoea. Halafu mwanamke mmoja wa chama chao akamnong'oneza kwamba magunia yetu yaliuzwa kwa mwenye duka pale senta, na kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Nilipokwenda nyumbani mwezi wa Agosti nilimchukua mama tukaenda kwa chifu ili naye asajiliwe. Kijana aliyekuwa akiandikisha watu alitafuta kwenye tableti yake akasema shamba hilo tayari lina mtu, na tukitaka kubadilisha tumpe ya soda. Tuliondoka bila kumpa kitu na bila kusajiliwa.

Nilimpigia kaka. Alinijibu kwamba nimeolewa, nikalime kwa mume wangu, na kwamba baba wa boma sasa ni yeye. Mume wangu naye anasema niache: "Mambo ya boma la kwenu waachie wenye boma, wewe nunua unga dukani." Mama ananililia kwenye simu, kisha ananisihi nisimwambie kaka kwamba amelalamika. Wakati mwingine husema hata mbolea yenyewe ya serikali haiamini tangu ule mwaka wa mbolea feki, na kwamba samadi yake inamtosha.

Sasa nauliza. Je, naweza kujisajili mimi kwa shamba hilo, ujumbe uje kwa simu yangu hapa Nairobi, nilipe, kisha nimtume mtu wa bodaboda ampelekee mama? Kama siwezi, mama anaweza kupata lolote bila hati yenye jina lake? Na nikimshtaki kaka, si nitakuwa nimelivunja boma la baba yangu? Kupanda ni Machi. Sitaki mama apande tena ekari tatu kwa gunia moja.

Binti wa Cherang'any, Kayole

Mpwa wangu,

Usijisajili. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo linalokuvutia zaidi, na kwa mtu aliye mbali na nyumbani linaonekana ndiyo njia ya mkato. Lakini hebu tazama kaka yako amefanya nini: ameandikwa kwa ekari ambazo halimi, na simu yake ndiyo inayopokea haki ya mtu mwingine. Ukijiandikisha wewe, mama atakuwa ametolewa katika kiganja cha mtoto mmoja na kutiwa katika kiganja cha mwingine. Leo una moyo mwema. Kesho laini yako ikipotea, ukiugua, au kazi ya karakana ikikwama, mama atasimama pale pale alipo sasa, akingoja mtoto amwambie kama mbolea ipo au imekwisha.

Mbolea ya ruzuku imekusudiwa anayelima. Si ya mwenye hati, si ya mwenye simu nzuri, si ya kifungua mimba. Anayelima zile ekari tatu ni mama yako, na jina linalopaswa kuwa kwenye orodha kwa ekari hizo ni lake. Mengine yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Tuelewane kwanza hiyo ruzuku ni kitu gani, maana wengi hudhani ni zawadi. Mpango huu ulianza Septemba 2022, wakati gunia la kilo 50 madukani lilikuwa limepita shilingi 6,000. Bei ya mbolea ilikuwa imepaa duniani kote, na vita vya Ukraine vikaiongeza. Serikali ikaanza kuliuza gunia kwa shilingi 3,500, na Agosti 2023 ikalishusha hadi 2,500. Mkulima hapewi pesa mkononi. Anacholipa ni sehemu ya bei, na iliyobaki inabebwa na hazina ya taifa, yaani na kodi, ikiwemo ile unayokatwa wewe pale karakanani. Kwa hiyo anayeshika vocha ndiye anayeshika hiyo tofauti ya bei. Hapo ndipo magunia yanapopotelea. Gunia lililonunuliwa kwa 2,500 likiuzwa kwa mwenye duka, faida inapatikana siku hiyo hiyo, bila kungoja mvua, bila palizi. Na kwenu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata hizo 2,500 zilikuwa zako. Kaka hakutoa chochote, akabaki na faida na mtaji pia.

Sasa hati. Hili limewafungia wanawake wengi nje, kwa sababu wanaamini kwamba bila hati yenye jina lao hawawezi kuandikwa. Orodha ya wakulima, ile inayohifadhiwa katika mfumo uitwao KIAMIS, inaandika mkulima: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mahali lilipo shamba, mazao na ekari anazolima. Wanaolima mashamba ya kukodi nao huandikwa. Mjane anayelima shamba la marehemu mumewe hana sababu ya kurudishwa nyumbani. Kilichowakwamisha si hati bali zile ekari tano zilizoandikwa kwa mtu mmoja. Suluhisho lake ni kurekebisha hesabu: ekari moja na nusu kwa kaka, ekari tatu kwa mama, na boma na malisho yasihesabiwe kama shamba la mahindi.

Naona ni haki niseme hili la kaka yako pia. Yeye ni mkulima. Ana watoto, ana ekari yake na nusu, na anastahili mbolea yake kama mama anavyostahili yake. Usiende nyumbani ukiwa na nia ya kumfuta kwenye orodha. Ukienda hivyo, atakachosikia ni kwamba dada aliyeolewa amekuja kumnyang'anya shamba, na ukoo wote utasimama nyuma yake hata wale wanaojua ukweli.

Kabla ya safari, hakikisha laini ya mama imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama mwenyewe. Hapa hukwama wazee wengi. Mtoto alimnunulia laini, akaisajili kwa kitambulisho chake mwenyewe kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho mfukoni siku hiyo, na mzee ameitumia miaka yote bila kujua kwamba si yake. Wakala wa kampuni ya simu pale Kitale anaweza kulithibitisha na kulirekebisha mama akiwa naye. Simu yenyewe haihitaji kuwa ya bei. Vocha huja kama ujumbe mfupi wa kawaida, na mulika mwizi inaupokea vizuri. Kama macho yamepungua nguvu, kitinda mimba anaweza kumsomea akija nyumbani, au yule mwanamke wa chama aliyekuwa mkweli kwake. Nambari yake ya siri ya kutolea pesa asimpe mtu, hata huyo.

Kisha kuna milango miwili, na watu hujisahau wakabisha mmoja tu. Chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Afisa wa kilimo wa wadi ni wa serikali ya kaunti, kwa sababu katiba ya 2010 iliyapeleka mambo mengi ya kilimo kwenye kaunti. Usajili huu umewahusisha wote wawili. Nenda na mama kwa afisa wa kilimo kwanza, awe na kitambulisho chake na simu yake, aeleze kwa kinywa chake mwenyewe analima nini na wapi. Ni mtu anayeweza kufika shambani na kuona. Baada ya hapo mwende kwa chifu mwenyewe, si kwa kijana wa tableti, na ikiwezekana iwe siku ya baraza wakati wazee wa kijiji wapo. Hao wanajua ni nani aliyepalilia wapi.

Na ile ya soda msimpe. Kuandikishwa ni bure. Mama akiombwa tena, aulize kwa sauti, watu wakisikia, kwamba hiyo pesa ni ya nini na risiti yake iko wapi. Naamini mara nyingi hilo peke yake linatosha. Likishindikana, juu ya chifu yupo naibu kamishna wa kaunti, na Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi hupokea malalamiko hata kupitia vituo vya Huduma. Mlifanya vyema kuondoka bila kumlipa. Ila kuondoka tu hakukumsaidia mama, na safari hii inabidi mkae hapo hadi jambo liishe.

Unaniuliza kama kumshtaki kaka ni kulivunja boma. Mpwa wangu, boma limeshapata ufa, na aliyeutia si wewe. Mama anayevuna nusu kisha anaogopa kulalamika mbele ya mwanawe hayuko katika boma zima. Hata hivyo, mimi nisingeanzia kituo cha polisi. Kuuza mbolea ya ruzuku si mchezo. Polisi wamewahi kuwanasa watu wakiihamisha kutoka mifuko ya serikali na kuitia katika mifuko mingine ili waiuze kwa bei ya soko. Kaka yako anapaswa kuijua hatari hiyo, na wewe ndiye unayeweza kumwambia kama ndugu kabla hajaambiwa na askari. Lakini akikamatwa Februari, Machi mama atapanda na nini, na ni nani atakayelala katika boma lile na hasira zile?

Kuna mtu ambaye bado hujamuuliza, nami nimelisoma hilo katikati ya mistari ya barua yako. Umeongea na kaka, umeongea na mume, umeniandikia mimi. Mama umemsikia akilia. Sijaona mahali ulipomwuliza anataka lifanyike nini. Huenda anataka asajiliwe kimya kimya, bila kikao. Huenda anataka wazee waitwe. Huenda ameshasema na kaka kwa njia yake na kuna jambo hulijui, labda deni, labda mtoto mgonjwa. Anaposema samadi inamtosha, sina hakika kwamba anazungumzia samadi. Mama wa aina yake husema "inanitosha" ili watoto wasigombane. Mpigie jioni akiwa ametulia, usimwambie mpango wowote, mwulize tu, kisha unyamaze umsikilize mpaka mwisho.

Akikubali kikao, kiwe kidogo: mama, kaka, wewe, dada yako, kitinda mimba, na mtu mzima mmoja ambaye kaka humheshimu, awe ndugu ya baba au mzee wa kanisa. Yaliyotendeka kwa magunia ya nyuma yasiwe ndiyo ajenda. Kaka aambiwe wazi: "Ekari unazolima wewe ni zako kuziandikisha. Ekari anazolima mama zitaandikishwa kwa mama kabla ya msimu huu, na tungependa uende naye wewe mwenyewe kwa chifu." Mpe nafasi ya kuwa mtu aliyerekebisha. Akikataa, mama aende bila yeye, kwa kuwa haombi ruhusa ya mtu. Pesa zako za magunia mawili ni deni kati yako na kaka. Lidai, una haki nalo, ila lidai kando na wakati mwingine, wala usilichanganye na usajili.

Kuhusu woga wa mama juu ya mbolea feki, tafadhali usimwone kama mshamba. Mwaka 2024, wakati wa kupanda, magunia yaliyopitia mpango huu huu yaligunduliwa hayana virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Nchi nzima iliona. Tarehe 2 Mei mwaka huo Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Mithika Linturi, waziri wa kilimo wa wakati huo, ingawa kamati teule iliyochunguza baadaye ilisema mashtaka hayakuthibitishwa. Serikali iliahidi kuwafidia walionunua magunia hayo. Lakini fikiria: ni mkulima gani anayeweza kutafutwa ili afidiwe? Ni yule ambaye jina lake limo kwenye orodha ya wanunuzi. Kwa mama yako, gunia likiwa bovu, anayejulikana na serikali kuwa amepata hasara ni kaka. Hiyo ni sababu nyingine ya jina la mama kuwepo. Akishanunua, atunze risiti na mfuko mtupu, aweke kiasi cha mbolea kwenye chupa iliyofungwa vizuri, vikae hadi mavuno. Bila hivyo hana ushahidi.

Niruhusu niseme na yale majani ya zambarau, hata kama hukuniuliza. Rangi hiyo kwenye mahindi machanga kwa kawaida ni dalili ya upungufu wa fosforasi, ambayo ndiyo iliyo nyingi kwenye DAP, ile mbolea ya kupandia. Zile nambari 18:46:0 kwenye gunia, ya katikati ndiyo ya fosforasi. Kwa kawaida ekari moja ya mahindi hupandwa kwa gunia moja la DAP. Mama aligawa gunia moja kwa ekari tatu, na mimea ikaonyesha. Lakini huenda kuna jingine chini yake. Mashamba mengi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yametiwa DAP mwaka baada ya mwaka hadi udongo umekuwa wa asidi, na udongo ukiwa na pH ya chini ya 5.5 hushikilia fosforasi hivi kwamba mizizi haiipati hata ukiweka nyingi. Dawa ya hapo ni chokaa ya kilimo, nayo hutiwa wiki kadhaa kabla ya kupanda. KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, ina kituo Kitale kinachoshughulika na mambo ya mazao. Kitinda mimba achimbe udongo wa kina kama cha jembe kutoka sehemu mbalimbali za shamba, auchanganye, na kiasi cha nusu kilo kipelekwe kupimwa mwezi wa Januari. Afisa wa kilimo atamwelekeza. Samadi ya mama isitupwe. Ni nzuri sana kwa udongo huo, ila fosforasi yake ni kidogo. Itumike pamoja na mbolea, na kila kimoja kitafanya kazi yake.

Mirathi sasa. Usiingoje ndipo umsajili mama, kwa maana itachukua miezi na Machi haisubiri. Lakini ianzeni, kwa sababu kaka akiendelea kujiita baba wa boma bila karatasi yoyote, leo ni mbolea, kesho itakuwa ekari yenyewe. Sheria ya Urithi ya Kenya iko upande wa mama kwa uwazi kabisa. Mume akifa bila wosia, mjane ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kuomba usimamizi wa mirathi, na ana haki ya kulitumia shamba maisha yake yote, ingawa hawezi kuliuza kivyake. Baada yake, watoto wote hugawana sawa. Wote, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi wa namna hiyo mwaka 2005 katika kesi iliyotoka huko huko Bonde la Ufa, na katiba ya 2010 ikalikaza. Kwa hiyo kaka akikuambia ukalime kwa mume wako, ujue anasema desturi anayoitaka yeye. Sheria haisemi hivyo.

Mtahitaji cheti cha kifo, nakala ya rekodi ya shamba kutoka ofisi ya ardhi, na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Hiyo barua isome mstari kwa mstari. Ni hapo ambapo mabinti walioolewa huachwa nje, na jina lisipokuwemo mwanzo hukugharimu sana kulirudisha. Ombi hupelekwa kortini, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida uthibitisho huja miezi sita baada ya barua za usimamizi. Hapo ulipo Nairobi una bahati ambayo mama hana: Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo tangu 1973, kipo, na FIDA Kenya, mawakili wanawake, wapo. Omba ruhusa siku moja kazini uende ukawaone ukiwa na nakala ya cheti cha kifo cha baba. Hilo ni la wewe kufanya kutoka mjini, na lina faida kuliko kusajili simu yako.

Kwa mume wako nina neno dogo. Najua anakulinda na ugomvi. Mkumbushe mwaka 2022, tulipopanga foleni madukani hapa Nairobi kununua unga wa shilingi 100 kwa pakiti ya kilo mbili. Mpango ule ulidumu wiki chache tu, na serikali iliyoingia ikasema afadhali pesa hizo zimfikie mkulima kama mbolea. Unga anaokuambia ununue dukani unaanzia kwenye mashamba kama la mama yako. Na karo ya shemeji yake wa Eldoret inatoka hapo. Shamba likizidi kudumaa, karo hiyo itahamia mfukoni mwenu.

Desemba nendeni nyumbani wewe na mume wako pamoja, ili usionekane umekuja peke yako kudai. Laini ya mama, afisa wa kilimo na chifu viishe kabla hujarudi Kayole. Pesa za mbolea za msimu huu usizitume kwa kaka. Zikae kwako mpaka ujumbe wa vocha uingie kwenye simu ya mama, akusomee idadi ya magunia aliyopangiwa, ndipo umtumie yeye mwenyewe, asubuhi na mapema, kwa kuwa foleni ya ghala mwezi wa Machi huanza kabla ya jua kuchomoza.